NYUMBA YETU YA MTAA WA MAPENDO

«Mali bila daftari huisha bila habari.» Methali hii twaisikia tangu utoto, na wengi wadhani yawahusu wafanyabiashara peke yao. Sisi twataka kuonyesha ya kuwa yaihusu pia nyumba ya ukoo, ile nyumba ya zamani mjini ambamo babu alizaa watoto, akazeeka, akafa, na ambamo kila mjukuu hufikiri ana pembe yake, mpaka siku aambiwapo kwamba hana kitu.

Tulipokuwa katika seminari ndogo tulifundishwa kwamba Walatini walikuwa na neno moja, domus. Kwa neno hilo walitaja nyumba yenyewe, na walitaja pia watu wakaao ndani yake. Hatukustaajabu sana, kwa maana Kiswahili nacho husema «mlango» kwa kutaja ukoo. Basi habari tutakayosimulia ni habari ya kuta na ya watu pamoja. Kuta zetu ziliteketezwa na moto wa mlima Nyiragongo, siku ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002. Lakini nyumba yetu haikupotea siku hiyo. Ilipotea miaka minne baadaye, katika ofisi, mchana, bila moshi wala kelele.

Asili ya nyumba

Babu yetu alifika Goma mwaka wa 1954, akiwa kijana bado. Alikuwa seremala, aliyefundishwa kazi katika karakana ya misioni. Goma ilikuwa mji mdogo. Mwanzoni ilikuwa kijiji tu, pwani ya ziwa Kivu; na mpaka uliowekwa katika mapatano ya mwaka 1910 uliitenga na jirani yake Gisenyi, ingawa kwa mguu ni kama kuvuka njia. Wazungu walijenga karibu na maji. Watalii walikuja kutazama milima ya moto katika Mbuga ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925. Watu weusi walikaa nyuma, katika mitaa waliyopimiwa. Huko ndiko babu alikopata kiwanja, katika mtaa uitwao leo Mapendo.

Ajengaye Goma hupata shida mbili. Ya kwanza, chini ni mawe matupu, na udongo mzuri wa matofali hauko karibu. Ya pili, nchi hutetemeka mara kwa mara. Ndiyo maana nyumba nyingi za mji ni za mbao. Babu alichanganya. Msingi, na ukuta mpaka usawa wa dirisha, alijenga kwa mawe meusi ya mlima na simenti. Kutoka dirishani kwenda juu alitia mbao, na juu kabisa manjanja, yaani mabati. Mwaka wa 1957 alimaliza vyumba viwili, akaoa. Mwaka wa 1963 aliongeza chumba cha mbele chenye mlango wa njiani, kwa ajili ya duka. Mlango huo ulikuwa na mabawa mawili ya mbao nyekundu ya libuyu. Aliuchonga mwenyewe kwa miezi mitatu, usiku, baada ya kazi za watu. Baadaye akatia baraza upande wa ua, na mti wa avoka, na jiko. Watoto wakazaliwa watano: baba mkubwa, shangazi mkubwa, baba yetu, shangazi mdogo, na baba mdogo.

Maji yalikuwa taabu. Mvua ikinyesha Goma, maji hupenya katika mawe na kutoweka. Hakuna kijito wala kisima. Wanawake walishuka ziwani na kupanda tena na mzigo kichwani. Tena tarehe 10 Januari 1977 mlima ulipasuka. Ziwa la moto lililokuwa ndani ya tundu lake lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, likaua watu vijijini upande wa kaskazini, likasimama kabla ya kuingia mjini. Babu alitazama usiku ule mbingu nyekundu, akasema: «Mlima umetupita. Hautatupita siku zote.» Mwaka uliofuata alijenga tangi la mawe na simenti, refu kuliko mtu, kwa kukinga maji ya mvua kutoka paa. Sababu gani tangi baada ya moto? Hakueleza. Nyanya alisema kwamba mtu aliyeogopa hutafuta kazi ya mikono.

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa maana ndilo mzizi wa habari yetu. Babu hakuwa na daftari. Daftari lake lilikuwa ukuta. Nyuma ya mlango wa libuyu, juu ya mbao zilizopigwa randa vizuri, aliandika kwa kalamu ya seremala yote aliyotaka yasisahauliwe: siku alipozaliwa kila mtoto, siku aliyokufa mama yake, bei ya mifuko ya simenti, jina la mtu aliyemkopesha na siku aliyomlipa, hatua ngapi toka tangi mpaka njia, hatua ngapi toka avoka mpaka ua wa jirani. Mstari wa mwisho aliuandika alipokuwa mgonjwa, na ulihusu nyumba ni ya nani. Cheti cha kiwanja kilikaa katika sanduku dogo chini ya kitanda chake. Akafa mwaka 1991.

Baada ya maziko hakuna aliyekwenda ofisini kubadilisha jina. Kwa nini tungekwenda? Nyanya alikuwa yu hai, mlango ulikuwa wazi, kila mtu alikula. Baba mkubwa alipokea kodi ya chumba cha duka na kumpa mama yake sehemu. Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu walipokimbia kutoka Rwanda na kuingia Goma kwa siku chache, ua wetu ulijaa hata chini ya mti, na nyanya alitoa maji ya tangi kwa kikombe, kikombe kimoja kwa kila mtu, kwa sababu kipindupindu kilikuwa kinaua maelfu. Wakati ule hakuna aliyeuliza nyumba ni ya nani. Ilikuwa ya aliyekuwa na kiu.

Siku ya moto

Mwanzoni mwa mwezi wa Januari 2002 nchi ilitetemeka mara kadhaa. Asubuhi ya tarehe 17 mlima ulipasuka ubavuni, upande wa kusini, na moto ukatoka katika nyufa, ukashuka kuelekea mji. Mchana uliingia mitaani. Usiku ulikuwa umefika ziwani.

Sisi tuandikao maneno haya tulikuwa na miaka 12. Wengi waliotusikia tukisimulia hudhani moto ule ni kama moto wa kuni. Sivyo. Ni jiwe lililoyeyuka, jeusi juu, jekundu ndani. Kule mlimani lilikimbia, lakini mitaani mwetu lilitembea kama mzee. Lilifika penye ukuta, likauegemea, na mbao zikawaka kabla hata hazijaguswa. Manjanja yalikunjamana kama karatasi.

Mto huo wa moto ulikata mji vipande viwili. Walio upande wa mashariki walikimbilia Gisenyi, walio upande wa magharibi walikimbilia Sake. Baba yetu alimweka nyanya juu ya chukudu, ile gari yetu ya mbao ya magurudumu mawili, akamsukuma mpaka Sake, kilometa kama 25. Mama, shangazi mdogo, na sisi watoto tulivuka mpaka gizani, kila mtoto ameshika nguo ya mwenzake. Tulilala Gisenyi kando ya njia. Wakati wa kuhesabu mizigo, mama alisema: «Sanduku analo baba yenu.» Baba naye huko Sake alimwambia nyanya: «Sanduku analo kaka.» Baba mkubwa alikuwa ametoka dukani moja kwa moja, na alidhani sanduku liko kwa mama. Kila mmoja alimwamini mwenzake, na sanduku likaungua chini ya kitanda.

Mji ulihesabu hasara yake. Watu wapatao mia moja, pengine zaidi, walikufa. Sehemu kama 13 kwa mia ya mji ilifunikwa, na watu kadiri ya 120,000 walibaki bila nyumba. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea pia, ili mtu asiseme kwamba moto ulichagua. Siku ya sita baba alirudi na nyanya, wakipita juu ya jiwe lililokuwa bado na joto, na soli za viatu vyao zimeyeyuka. Tulilia kwa furaha. Tulikuwa wazima wote. Siku hiyo hatukuhuzunikia nyumba hata kidogo.

Kupima juu ya jiwe

Mwezi wa tatu tulikwenda Mapendo kutafuta kiwanja chetu. Hapakuwa na mtaa. Palikuwa na uwanja mweusi, wenye mikunjo kama ngozi ya tembo, unaotoa mvuke kila mvua iliponyesha. Njia haikuonekana, wala mti, wala ukuta. Watu walizunguka juu yake kama watu waliopotea msituni, na kila mmoja alisema: «Nadhani ni hapa.»

Nyanya alitembea polepole na fimbo yake. Akasimama. Mbele ya miguu yake ulitokeza mdomo wa tangi, duara ya simenti, shubiri moja tu juu ya jiwe. Tangi lilikuwa limepasuka, lakini halikuanguka. Nyanya akakaa juu yake akasema: «Hapa nyuma ni jiko. Toka hapa hesabuni hatua 24, mtafika njiani.» Alikuwa hajui kusoma, lakini babu alimsomea ukuta mara nyingi. Tulihesabu hatua 24, tukaweka jiwe. Akasema hatua za kulia, akasema za kushoto. Majirani walipoona walikuja, na kutoka mdomo wa tangi letu walipimiwa viwanja sita. Mkubwa wa barabara yetu aliandika. Hakuna aliyejaribu kuongeza hata hatua moja. Tulikuwa maskini sote kwa usawa, na katika hali hiyo ni rahisi kusema kweli.

Tulijenga juu ya jiwe. Shangazi zetu walivunja mawe kwa nyundo, wakapanga ukuta wa ua. Mbao zilikuja kwa chukudu. Kabla ya mwisho wa mwaka tulikuwa na vyumba viwili na baraza ndogo, na nyanya alilala tena mahali pake, mita mbili juu ya kitanda chake cha zamani. Twasema basi kwa haki: mlima ulitwaa mbao, mawe, sanduku na maandiko ya ukutani, lakini nyumba ilikuwa ingalipo. Wageni walijua pa kutukuta.

Kikao cha mwaka 2006

Miaka ile Goma ilijengwa tena kwa haraka. Watu wenye fedha walitafuta viwanja karibu na soko, na bei ilipanda. Makomisioneri, wale wanaouza na kununua kwa niaba ya wengine, walipita kila juma. Nyanya aliwapa kiti, aliwapa maji, aliwaambia kwaherini.

Lakini baba mkubwa alikuwa na shida mbili. Bidhaa zake ziliungua katika moto ule, na madeni yake hayakuungua. Tena mtoto wake mmoja aliugua figo, na waganga walisema apelekwe Kampala. Mwenye kumlaumu na akumbuke hilo kwanza. Mwezi wa Januari 2006 aliita kikao cha ukoo, akasema kwamba yeye ni mkubwa, kwamba kwa desturi mali ya baba iko mkononi mwa mkubwa, na kwamba kiwanja kitauzwa.

Shangazi mkubwa alijibu: «Baba aliandika ukutani: Nyumba hii ni ya wote.»

Baba mkubwa akasema: «Aliandika: Nyumba hii ni ya wote, mkubwa aitunze.»

Baba mdogo akasema: «Hapana. Aliandika: ni ya watoto wangu, waikae pamoja.»

Baba yetu alikumbuka neno «wasiuze». Shangazi mdogo alikumbuka neno «mama yao». Tulikuwa watu 11 barazani, na karibu kila mmoja alikuwa amepita mbele ya mstari ule kila siku kwa miaka zaidi ya kumi. Nasi pia tulijifunza kusoma kwa maandiko ya ukuta ule. Lakini hapakuwa na watu wawili waliokubaliana juu ya maneno yake. Kila mtu alikuwa amesoma alichokipenda. Wakatukanana, wao waliolala usiku mzima Sake na Gisenyi wakiombeana uzima. Mtaa uitwao Mapendo ulitusikia siku hiyo.

Kikao kiliachana bila neno. Miezi michache baadaye mnunuzi alikuja na mafundi wake kupima. Hapo tukajua kwamba cheti kipya kilikuwa kimetoka badala ya kile kilichoungua, na kilikuwa na jina la baba mkubwa peke yake. Hatutaji ofisi, wala hatumtaji mtu. Nyanya alikuwa ametia kidole gumba juu ya karatasi iliyosomwa mbele yake kwa Kifaransa. Aliambiwa ni karatasi ya kuandikisha nyumba upya, kwa sababu ya moto. Alifurahi, akauliza kama babu ametajwa humo.

Fedha zilikwenda hivi. Madeni yalilipwa kwanza, na komisioneri alipata fungu lake. Sehemu kubwa ilikwenda Kampala. Ndugu wawili wa kiume walipewa kitu. Baba yetu alitulipia kwa fedha hizo mwaka wa mwisho wa masomo. Shangazi zetu, waliovunja mawe kwa nyundo, walipewa kila mmoja kitenge. Nyanya alikodiwa chumba huko Ndosho. Mnunuzi alilipua mdomo wa tangi akajenga ghorofa.

Yule mtoto aliyepelekwa Kampala alipona. Leo ni mtu mzima, naye ana watoto. Twampenda, nasi hatuwezi kumtazama usoni na kusema kwamba kiwanja kilikuwa bora kuliko yeye. Kwa hiyo wasomaji watauliza: mwalalamika nini? Twajibu: kama tungeulizwa sote, na kuonyeshwa karatasi za mganga, na kuhesabiwa gharama mbele ya nyanya, yaelekea tungalikubali kuuza. Shangazi mkubwa alisema hivyo waziwazi, na yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Kumbe hatukuulizwa. Mtu aweza kutoa nyumba yake kwa ajili ya uzima wa mtoto, na akabaki na ukoo. Akinyang'anywa nyumba hiyohiyo kwa ajili ya mtoto huyohuyo, hukosa nyumba na ukoo pia.

Nyanya aliishi Ndosho miaka mitatu. Hatukumsikia akiunung'unikia mlima. Siku moja tu alisema: «Mlima ulibisha hodi kabla ya kuingia. Karatasi haikubisha.» Akafa mwaka 2009.

Sheria yasema nini?

Katika kazi yetu ya kufundisha dini twaingia nyumba nyingi, na katika nyingi twakuta hali ileile: cheti kina jina la marehemu, watoto wanakaa kwa mazoea, na kila mmoja ana maneno yake aliyoachiwa na baba kitandani. Kwa hiyo tulimwomba mtu mmoja wa parokia aliyesomea sheria atufundishe, nasi twaandika hapa machache, ili yamfae mwingine.

La kwanza. Kadiri ya sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Sisi wananchi twapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo yaweza kuwa ya daima. Lakini yathibitishwa na cheti cha kuandikishwa tu. Hatua 24 za nyanya zilikuwa kweli tupu, na majirani wote walizikubali, lakini mbele ya cheti hazikuwa na nguvu. Tena mwenye cheti akifa, jina lake halibadiliki lenyewe; sharti warithi waende.

La pili. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 yawaweka watoto mbele katika urithi: wao hupata sehemu tatu katika nne, nao hugawana sawasawa. Haisemi mkubwa, wala haisemi wanaume. Shangazi zetu walikuwa na haki sawa na kaka zao. Sehemu ya nne yaachwa kwa wengine wa karibu, na katika hao yumo mke aliyeachwa na marehemu.

La tatu, nalo lilitutoa machozi tulipolisikia. Sheria hiyohiyo yampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mume wake. Watoto hurithi, lakini yeye hukaa. Nyanya angeweza kusema: «Siondoki», na sheria ingesimama upande wake. Alikufa katika chumba cha kupanga bila kujua neno hilo, wala hapakuwa na mtu katika ukoo aliyelijua.

Desturi yetu ilikuwa nzuri katika mambo mengi. Ilitulisha, ilitupa malezi, ilifungua ua wetu mwaka 1994. Lakini ilizaliwa kijijini, mahali ambapo shamba halina komisioneri, na ambapo mkubwa akidanganya kijiji kizima kinamwona. Mjini mkubwa aingia ofisini peke yake. Desturi haiingii naye mpaka aambatane na ndugu zake na karatasi yao.

Daftari

Baada ya kumzika nyanya, shangazi mkubwa alinunua daftari nene la shule. Akatuita mmoja mmoja. Kila aliyekumbuka kitu cha ukuta alikisema, naye akaandika: siku za kuzaliwa, siku za kufa, mwaka wa tangi, mwaka wa mlango, hatua 24. Alipofika kwenye mstari wa mwisho wa babu hakuchagua. Aliandika maneno yote kama kila mtu alivyoyakumbuka, moja chini ya jingine, na jina la aliyeyasema. Mistari mitano.

Mstari wa pili ni wa baba mkubwa. Alikuja mwenyewe, jioni, bila kuitwa mara ya pili. Alisoma mistari ya wenzake, akanyamaza kitambo, akasema: «Andika na wangu. Ndivyo nilivyousoma.» Kisha akaomba iandikwe pia bei aliyouzia, na madeni aliyolipa, na gharama za Kampala, franka kwa franka. Yalijaza ukurasa. Hatusemi kwamba siku hiyo tulipatana kabisa. Lakini tangu siku hiyo twakutana tena katika ndoa na misiba, naye hukaa pamoja nasi, si kando.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Tarehe 27 Mei ilitoka amri ya kuhama mitaa kumi ya Goma, na Mapendo ilikuwa mmojawapo, na Majengo pia, ambako shangazi mkubwa alikuwa akipanga. Akashika njia ya Sake, ileile ya nyanya. Tulipomkuta huko hakuwa na sufuria wala godoro. Alikuwa na daftari, limefungwa katika mfuko wa nailoni ndani ya kitenge, na kitenge tulikijua: ni kile alichopewa mwaka 2006. Baada ya hapo tulinakili daftari lote kwa mkono, mara mbili. Nakala moja iko Bukavu, nyingine iko Kampala kwa yule aliyepona. Vita vilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025, na watu wakakimbia tena, hakuna aliyeuliza: sanduku analo nani?

Wasomaji wapenzi, nyumba yetu hairudi. Ghorofa ya mwingine imekaa juu yake, naye aliinunua kwa fedha zake; hatuna neno naye. Ninyi mlio na nyumba bado, tendeni haya. Kama baba yenu yu hai, mwulizeni anataka nini, naye aandike. Waiteni watoto wote, wa kiume na wa kike, wasikilize kwa pamoja. Kama amekwisha kufa, nendeni ofisini wote pamoja, msimtume mmoja. Jueni sanduku liko wapi, na nani atalibeba. Na karatasi yoyote itakayotiwa kidole cha mama yenu, isomwe kwanza kwa lugha aifahamuyo, polepole, mpaka mwisho.